Mkanda Unaishia Wapi?

Nikikagua gari kabla ya mashindano, sianzi na injini wala matairi. Nafungua mlango, nainama na tochi, naushika mkanda wa bega la dereva na kuufuata kwa vidole kurudi nyuma, taratibu, mpaka nifike pale ulipofungwa. Hapo ndipo penye habari yote. Jina la kampuni lililofumwa kifuani linapendeza kwenye picha, lakini siku gari likigonga, kitakachoamua ni zile sentimita chache zilizojificha nyuma ya siti.

Msimu mmoja nilimkuta kijana na Subaru Impreza aliyokuwa ameijenga kwa miaka miwili. Keji, yaani ile fremu ya mabomba inayokizunguka chumba cha dereva, ilikuwa imechomelewa vizuri. Siti mpya, mikanda mipya yenye lebo ya FIA, Shirikisho la Kimataifa la Magari. Lakini mikanda ya mabega ilipita juu ya siti na kushuka moja kwa moja hadi sakafuni, kama kamba ya ndoo inavyoshuka kisimani, ikafungwa kwenye zile bolti za mikanda ya abiria wa nyuma. Nikamwambia hawezi kuanza mbio hivyo. Akaumia sana. "Mzee, mikanda hii ni mipya kabisa," akasema, "na bolti ni za kiwandani." Yote mawili yalikuwa kweli. Tukaketi chini ya hema, nikamweleza haya ninayotaka kukueleza wewe unayejenga gari sasa hivi, au uliyeliacha gereji ukitumaini fundi anajua.

Chukua gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa, mwendo usiomtisha dereva yeyote wa mbio. Likigonga mti na kusimama ndani ya sentimita 60, yaani kiasi cha pua iliyobonyea, mwili wa dereva unasimamishwa kwa nguvu ya karibu mara 24 ya uzito wake. Mtu wa kilo 75 kwa kitambo hicho anaivuta mikanda yake kama mzigo wa karibu kilo 1,800. Sasa tuseme mkanda mmoja wa bega umebeba kilo 500 kati ya hizo. Ukienda nyuma karibu sawa na bega, kwa mteremko wa nyuzi 10, ni kilo 87 tu zinazolikandamiza bega kuelekea chini. Zilizobaki zinafanya kazi uliyoununulia, kukuzuia usiende mbele. Mkanda huohuo ukiteremka kwa nyuzi 45, kilo 350 zinakaa juu ya bega. Mabega ni mawili. Jumla inakuwa kilo 700 zinazousukuma uti wa mgongo ndani ya nyonga, wakati huohuo kichwa na helmeti vinavutwa mbele. Na mikanda ya yule kijana ilikuwa imepita nyuzi 45 kwa mbali.

Kuna madhara mengine ambayo wengi hawayafikirii. Mgongo ukibanwa, kiwiliwili kinapungua urefu, mkanda unalegea, na dereva anapata nafasi ya kwenda mbele kuifikia stelingi. Kwa hiyo pembe mbaya inakuumiza mgongo, kisha inakunyima hata ulinzi wa kifua.

Kanuni za FIA, katika Kifungu cha 253 cha Kiambatisho J, hazina mafumbo hapa. Mkanda wa bega unapotoka kwenye ukingo wa juu wa siti uelekee nyuma na chini, usizidi nyuzi 45 kutoka mlalo, na inashauriwa usizidi nyuzi 10. Mimi nakusihi usiione 45 kama ruhusa. Ione kama ukuta, nawe ujenge karibu na 10. Kwa upande wa kushoto na kulia, kila mkanda usiachane na mstari wa katikati ya siti kwa zaidi ya nyuzi 20.

Kipimo cha haya yote ni uzi. Usipime siti ikiwa tupu. Hilo ndilo kosa la kwanza la gereji nyingi. Dereva aingie akiwa na ovaroli na helmeti, na kile kifaa cha kushikilia shingo kama anakitumia, aketi kama anavyoketi mashindanoni, nyonga zimezama mwisho wa siti. Mwenzake ashike uzi juu ya bega, aupitishe kwenye tundu la siti, auvute mpaka mahali bomba litakapokuwa, kisha aweke kipimo cha pembe juu yake. Angalia pia uzi unavyopita kwenye tundu la siti. Ukigusa ukingo wa chini na kukunjika, basi siku ya ajali siti ndiyo itakayobeba mzigo, na siti haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ama tundu liko chini mno kwa urefu wa dereva, ama bomba liko chini mno. Mwelekezi, yule anayeketi kando ya dereva na kumsomea njia, naye apimwe kivyake. Mara nyingi yeye huketi chini na nyuma kidogo kuliko dereva, na bomba lililomfaa mmoja laweza kuwa juu mno kwa mwingine.

Tuje kwenye bomba lenyewe. Mahali pazuri pa kufunga mikanda ya mabega ni bomba la mlalo lililochomelewa kati ya miguu miwili ya upinde mkuu wa keji, ule unaosimama nyuma ya siti za mbele, au kwenye mihimili yake ya nyuma. FIA inataka bomba hilo liwe la angalau milimita 38 kwa unene wa 2.5, au milimita 40 kwa unene wa 2, la chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi. Maneno "kisicho na mshono" yana uzito wake. Ukienda kwa wauza vyuma na kuomba bomba tu, utapewa la fanicha au la maji. La fanicha lina mshono uliopita urefu wake wote, na kuta zake ni nyembamba. La maji limepakwa zinki, na ukilichomelea linatoa moshi wenye sumu. Chungulia ndani ya bomba kabla ya kulipa. Ukiona mstari unaong'aa kutoka mwanzo hadi mwisho, lirudishe.

Kila sehemu ya kufungia mkanda wa bega au wa nyonga inatakiwa ihimili mvuto wa dekanyuton 1,470, karibu sawa na kuning'iniza tani moja na nusu. Fikiria Impreza yenyewe ikining'inia kwenye bolti moja. Ndiyo maana siwezi kukubali bomba lililofungwa kwa bolti kwenye mabati ya nguzo ya mlango, wala kipande kilichotobolewa kwenye bati la sakafu na kuwekwa washa kubwa nyuma yake. Ukilazimika kutengeneza sehemu mpya kwenye bodi, nyuma yake pawe na bamba la chuma lenye eneo la sentimita za mraba 40 kwenda juu na unene wa milimita 3. Mikanda isifungwe kwenye siti wala kwenye miguu ya siti. Hilo limekatazwa waziwazi.

Mkanda unashikamana na bomba kwa njia mbili: kuuzungusha, au bolti. Ukichagua bolti, usitoboe bomba na kupitisha bolti hivihivi. Bomba ni tupu ndani. Ukiikaza nati linabonyea, na tundu lenyewe limekwishalidhoofisha mahali pale pale linapovutwa. Inatakiwa kichomelewe ndani yake kipande cha chuma chenye uzi wa kuingilia bolti, kimoja kwa kila mkanda, kisha ipigwe bolti ya M12 yenye alama 8.8 kichwani au ile ya inchi 7/16 ya uzi mwembamba. Bolti isiyo na alama yoyote kichwani iache kwenye banda la kuku.

Mimi napendelea kuzungusha, maana hakuna tundu wala chuma cha ziada. Lakini hapa ndipo nilipoona makosa yanayonitia hofu kuliko yote, kwa kuwa hayaonekani kwa mbali. Mkanda unazungushwa kwenye bomba kisha unafungwa na slaida, kile kibamba cha chuma chenye vijiti vitatu na nafasi mbili kati yake. Ncha ya mkanda inapita nafasi ya kwanza kwenda juu, inavuka kijiti cha katikati, inashuka nafasi ya pili, inalizunguka bomba, inarudi kwenye slaida na kupita tena juu ya kijiti cha katikati, safari hii ikiwa imelala juu ya tabaka la kwanza. Ile safari ya mwisho, ya kurudi, ndiyo inayoufunga. Mvuto ukija, matabaka hayo mawili yanabanana, na kadiri unavyovuta ndivyo yanavyouma. Bila safari hiyo, mkanda unashikwa na msuguano mdogo tu. Utaukaza kwa mkono, utauona imara, utaendesha nao hata mwaka mzima, halafu siku gari likigonga ncha inateleza kama nyoka kutoka mkononi. Acha mkia wa angalau sentimita 10 baada ya slaida. Slaida yenyewe isukume karibu na bomba kadiri inavyokubali. Mwisho, fuata mchoro wa mtengenezaji wa mkanda wako, kwani kuna watengenezaji wanaotaka mzunguko wa ziada.

Mkanda uliozungushwa una tabia moja mbaya: unatembea. Mitetemo ya njia ya mawe inausogeza kushoto na kulia juu ya bomba, na baada ya siku nzima mikanda iliyoanza ikiwa imekaribiana imeachana. Chomelea vizuizi vidogo kila upande wa mkanda, kingo zake zikiwa zimesagwa mpaka kidole kipite bila kukwaruzika. Kwa anayevaa kifaa cha kushikilia shingo hili halina mjadala, kwa sababu mikanda ikiachana inateleza kutoka juu ya kifaa na kumwacha shingo wazi. Kifaa maarufu kati ya hivyo, HANS, kilibuniwa Marekani na Robert Hubbard na Jim Downing katika miaka ya 1980, na ilichukua miaka mingi na misiba mingi kabla ya madereva kukikubali.

Msiba uliobadilisha mengi ni ule wa Daytona, tarehe 18 Februari 2001, alipofariki Dale Earnhardt, dereva wa mbio za NASCAR za Marekani. Mkanda wake wa nyonga wa kushoto ulikutwa umekatika. Uchunguzi ulieleza jambo ambalo kila fundi anapaswa kulijua: tepe ya mkanda ikivutwa kwa upande inajikusanya kwenye kona moja ya nafasi ya chuma badala ya kutandaza mzigo katika upana wake wote, kisha inachanika kuanzia hapo kama khanga inavyochanika ukishaianzisha ukingoni. Oktoba mwaka huohuo NASCAR ikalazimisha madereva kuvaa vifaa vya shingo. Somo la fundi liko kwenye kibamba cha kufungia, kile kinachoushika mkanda kwenye bolti. Kielekee kule mkanda unakokwenda, ili ukivutwa upana wote uvutike sawa. Ukiona tepe imejikunja upande mmoja hata gari likiwa limesimama, legeza bolti, geuza kibamba, kaza upya.

Urefu nao una neno lake. Mkanda hutanuka ukivutwa, na ndivyo inavyotakiwa, lakini unatanuka kwa kadiri ya urefu wake. Chukua mkanda unaotanuka kwa asilimia 10. Wenye sentimita 30 kati ya bega na bomba unakuruhusu kwenda mbele sentimita 3. Wenye mita moja, ulionyooshwa mpaka nyuma kabisa ya gari, unakuruhusu sentimita 10, na sentimita hizo 7 za tofauti zaweza kuwa ndizo zilizo kati ya paji la uso na stelingi. Bomba likae karibu na siti.

Kuhusu mikanda ya chini nitasema kwa ufupi, ingawa bila hiyo, ya juu haina maana. Mikanda ya nyonga ipite ndani ya matundu ya siti, isipite juu ya kingo zake, na ilale pale paja linapokutana na mfupa wa nyonga. Kamwe isikae tumboni, penye ini na utumbo. Funga hiyo kwanza, kaza mpaka usogee kwa shida, ndipo ukaze ya mabega. Mikanda ya katikati ya miguu ipo ili ya mabega ikikazwa isiivute ya nyonga kupanda tumboni, na ili mwili usiteleze kupita chini yake. Ndiyo sababu namshauri kila mtu achukue mkanda wa pointi sita, hata kama wa nne ni nafuu.

Lazima niwaambie jambo na wale wanaotaka mikanda hii kwenye gari la kwenda nalo kazini. Nawaelewa, inapendeza, na dereva anajisikia ameshikwa. Lakini mkanda wa kiwandani unakuruhusu kuinama pembeni paa likibonyea. Mkanda wa mbio unakusimamisha wima kama msumari, na gari lisilo na keji likipinduka, paa linakuja kichwani mwako nawe huna pa kwenda. Ukiweka rolbaa, yaani upinde wa bomba nyuma ya siti, bila helmeti, bomba la chuma liko sentimita chache nyuma ya fuvu lako kila unapokwenda dukani kununua mkate. Keji, siti ya mbio, mkanda na helmeti ni kitu kimoja. Ukikosa kimoja, baki na mkanda wa kiwandani, nao ni mzuri.

Huku kwetu adui mkubwa wa mkanda ni vumbi na jua. Tangu Safari Rally ya Kenya irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kila mtu ameona kwenye televisheni lile vumbi la Naivasha, laini kama unga wa ngano, linalomeza magurudumu. Sisi tunaoshika magari baadaye tunaliona kwenye nyuzi za mikanda. Linaingia kati ya nyuzi, na kila mtetemo linazisaga. Linaingia pia kwenye bizimu. Baada ya kila mashindano mimi huweka sikio karibu na bizimu na kufunga ndimi moja moja. Kila ulimi uingie kwa mlio mmoja mkavu. Ukisikia mkwaruzo kabla ya mlio, kuna vumbi ndani. Lipulize kwa hewa, usitie mafuta, maana mafuta yanaita vumbi zaidi. Tepe ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni hafifu, ianikwe kivulini. Petroli, dawa ya kung'arisha nguo na maji ya betri vikigusa mkanda, mkanda huo umekwisha, hata kama macho yako hayaoni kitu. Gari likiegeshwa juani, funika mikanda kwa shuka nzito. Na visu viwili vya kukatia mikanda vikae mahali dereva na mwelekezi wanapovifikia wakiwa wamefungwa na kukazwa. Jaribuni kwa kweli, mmefumba macho, msikisie.

Baada ya kilomita chache za kwanza simama, kaza tena. Ovaroli inalala, mwili unazama kwenye siti, na mkanda uliokuwa umebana asubuhi unaingiza vidole vitatu.

Mkanda wenye lebo ya FIA umeandikwa mwaka wa mwisho wa matumizi, na ule wenye alama ya SFI 16.1, kiwango cha usalama cha Marekani, hudumu miaka 2 tangu tarehe iliyotobolewa kwenye lebo. Mikanda mingi inayouzwa mitumba imefika kwetu kwa sababu mwaka huo umepita huko ilikotoka. Mwingine umekuwa kwenye ajali kubwa. Tepe iliyokwisha kutanuka mara moja haina tena cha kutanua, na muuzaji hana njia ya kukuonyesha. Sheria inataka mkanda ubadilishwe baada ya kila mgongano mzito, ukichanika au kudhoofika, na chuma chake kikipinda au kushika kutu.

Yule kijana wa Impreza hakukimbia siku ile. Wiki tatu baadaye aliniita gereji. Bomba jipya lilikuwa mahali pake, sentimita 25 nyuma ya siti, uzi ukasoma nyuzi 12. Mikanda yake ilikuwa haijawahi kugonga, tukaitumia. Lakini kwenye kona kulikuwa na seti nyingine ya zamani, ya gari lililopinduka, na fundi alikuwa anataka kumpa mpwa wake wa autokrosi. Tukaomba mkasi wa bati. Kijana akaikata mwenyewe, kila tepe vipande vitatu, na bizimu akaipiga nyundo mpaka ikakataa kufunga.